Mashine yetu ya karatasi ilikuwa inalika upande mmoja, lawama akabeba Bi Zuhura

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa visiwani.

Kuna jambo limenikaa kifuani nataka nilitue hapa. Sitoongeza chumvi. Kila ntakachoandika kimetokea, na pale nlipofanya upumbavu ntasema wazi kuwa nlifanya upumbavu. Majina tu nimebadilisha, maana na wao wanashika simu.

Mie ni kijana wa hapa Unguja. Skuli niliishia kidato cha nne, matokeo tusiyazungumze. Nnakaa Mji Mkongwe kwa bibi yangu, kazini nnakwenda njia ya Fumba, kwenye kiwanda cha karatasi.

Nikisema kiwanda msije mkafikiria mambo makubwa. Ni banda la mabati, kisima, tangi la kusagia maboksi, na mashine moja kuukuu iliyokuja kwa meli ikiwa imeshatumika huko ilikotoka. Tunachukua maboksi ya mahoteli, mengi yanatoka Kendwa, tunayaroweka, tunayasaga mpaka yanakuwa uji, halafu mashine inautandaza ule uji na kuutoa karatasi ya kaki. Ndiyo hiyo mifuko munayofungiwa mikate.

Mie nnaipenda kazi hii, wallahi. Watu wananicheka. Lakini ukiona uji mchafu umeingia huku, na kule inatoka karatasi kavu ina joto kama chapati, lazima moyo ufurahi. Nna ndoto siku moja nitengeneze madaftari yangu mwenyewe ya skuli, yenye karatasi ya hapa hapa. Haya, turudi.

Kwanza niwaeleze mashine kidogo, musije mkapotea mbele.

Karatasi ikiwa bado mbichi haiwezi kujibeba. Inabebwa na kitambaa kizito cha sufu, sisi tunakiita blanketi. Blanketi linazunguka muda wote. Linachukua karatasi mbichi, linaitua kwenye pipa la moto ikauke, halafu lenyewe linarudi kwa chini likiwa limejaa maji na uchafu.

Kule chini linapita juu ya boksi refu la chuma. Kifuniko cha boksi hilo ni plastiki ngumu nyeupe, kina mianya miwili mirefu, kutoka upande huu wa mashine mpaka ule. Pampu inavuta hewa kupitia mianya ile, na maji yote yaliyomo kwenye blanketi yananyonywa. Blanketi linatoka safi, linakwenda kubeba karatasi nyengine.

Kwa hiyo mianya ile ndiyo roho ya mashine. Ikiwa kingo zake zimenyooka, blanketi linalala vizuri, pampu inanyonya sawasawa. Kingo zikilika pahala pamoja, hewa inaingilia hapo hapo, pampu inavuta upepo wa bure, blanketi linabaki na maji, karatasi inafika kwenye pipa imerowa na inakatika.

Na yetu ilianza kukatika.

Mwanzo mara moja kwa siku. Baadae hata hatukuhesabu. Unaiunganisha, inakwenda kidogo, paa! Imekatika tena.

Fundi wetu anaitwa Joseph, mtu wa bara, amekaa Unguja miaka mingi mpaka anakula urojo kutushinda wenyewe. Akaifungua mashine, akatoa kile kifuniko cheupe, akaweka rula ndefu ya chuma juu yake. Upande wa kulia rula ililala barabara. Upande wa kushoto chini ya rula palikuwa na bonde, unaingiza kidole. Na kingo za mianya pale zimekuwa kali, zimeshaanza kulitafuna blanketi.

Fundi akasema, "Huku nani anasimama?"

Sote tunajua nani anasimama huku.

Bi Zuhura, wakuu, ni mwanamke mtu mzima, asili yake Tumbatu. Ndie mwanamke wa kwanza kusimama kwenye mashine pale, wenzake wote wako uwanjani wanachambua maboksi. Alianzia huko huko uwanjani, lakini vumbi la maboksi likampa kikohozi kibaya, ndio akaomba afundishwe mashine. Akaijua kuliko wanaume. Mie nimefundishwa na yeye. Akisikia mlio tu anakwambia rola gani inataka mafuta.

Upande wake kuna gurudumu la mkono la kukazia blanketi lisihame njia. Fundi Joseph akasema sababu ni hilo. Bi Zuhura anakaza mno, blanketi linakandamiza kifuniko upande wake, ndio maana pamelika.

"Mie nazungusha nusu tu," Bi Zuhura akasema. "Nusu, kama ulivyonifundisha mwenyewe."

"Nusu yako hiyo, mama, ina mkono wa kusukuma chapati," Fundi akamjibu. Watu wakacheka.

Yeye hakucheka.

Bosi alikuwepo. Si mtu mbaya bosi wetu, lakini akiwa na wasiwasi ulimi wake hauna breki. Akasema mbele ya watu wote, "Bi Zuhura, kifuniko cha akiba kiko kimoja. Hicho nacho kikilika upande wako, utarudi uwanjani. Mashine hii haitaki mtu wa kubahatisha."

Kile cha kwanza kikapelekwa mjini kwa mtu wa kuchonga, kikasawazishwe. Tukaweka cha akiba. Bi Zuhura akachukua chaki, akatia alama kwenye gurudumu lake, kila mtu aone halipindukii pale. Mie nlikuwa upande wa pili wa mashine, nnamtazama. Alikuwa anaishika ile mashine kama mtu aliyebeba mayai.

Haikusaidia. Wiki chache tu, karatasi ikaanza kukatika. Fundi akafungua. Bonde pale pale, kushoto.

Bosi hakusema mengi siku hiyo. Alisema, "Kesho uwanjani." Akanigeukia mie: "Na wewe utasimama pale pake."

Wakuu, nlifurahi na nliona haya kwa pamoja, sjui kama ishawahi kuwatokea. Kusimama upande ule ni cheo. Lakini nlimuona Bi Zuhura anafungua kamba ya kitambaa chake cha kichwani, anajifunga nacho mdomoni kwa ajili ya vumbi, anatoka nje. Hakunitazama kwa ubaya. Aliniambia tu, "Skiliza mlio, mwanangu. Ikianza kulia kama paka, simamisha."

Kile cha kwanza kikarudi kutoka mjini kimenyooka kama kipya. Tukakifunga, nkasimama upande wa kushoto.

Siku ya kwanza salama.

Siku ya pili, karibu na saa nne, nkasikia. Mlio mwembamba, kama paka mchanga. Nkasogeza mkono kwenye ukingo wa blanketi pale linapotoka kwenye boksi.

Lilikuwa la moto.

Nkashangaa. Blanketi linalooshwa kwa maji muda wote litakuwaje la moto? Nkaligusa katikati, baridi. Nkaligusa pembeni, moto, na limekauka, likikwaruza kidole kama msasa. Nkatazama kidole changu. Mchanga.

Ile ya mchanga haikunishangaza. Maboksi ya Kendwa yanakaa ufukweni nyuma ya mahoteli, yanakuja na mchanga wake, na hata tuchuje vipi mwengine unapita. Lakini juu ya boksi kuna bomba refu lenye nozeli ndogo ndogo zinazopulizia maji kabla blanketi halijafika kwenye mianya. Kazi yake ndio hiyo, kuusukuma mchanga na kulainisha njia, plastiki isisuguliwe kavu.

Nkainama nitazame kwa nini upande ule hayafiki maji.

Na hapo, wakuu, nkaona.

Nozeli tatu za mwisho, upande wa kushoto, zilikuwa zimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kimezungushwa mara mbili na kufungwa waya.

Mimi ndie nliyekifunga.

Ngoja nieleze, msinitukane bado.

Ramadhani iliyopita, zile nozeli za pembeni zilikuwa zinarusha maji nje ya mashine. Anayesimama kushoto anarowa kuanzia kiunoni mpaka miguuni. Na maji yale si ya kuoga. Yamepita kwenye maboksi ya kila kitu, mengine ya bia, na yana harufu. Adhuhuri ikiingia, Bi Zuhura alikuwa anatoka na nguo zimemgandama mwilini, anakwenda kwenye kichumba cha kusalia. Mie nkawa nnaumia. Nkajisemea, mtu mzima huyu, anafunga, anasimama mchana kutwa, halafu hata sala yake inamuwia tabu kwa ajili ya maji machafu haya.

Siku moja mashine imesimama kwa kusafishwa, nkachukua tyubu, nkazifunga zile nozeli tatu. Sikumwambia mtu. Nlitaka iwe siri yangu na Mola wangu. Siku ya pili yake nkamuona anakwenda kusali mkavu, nkafurahi roho yangu yote.

Halafu nkasahau. Wallahi nlisahau kabisa.

Pale bomba limefunikwa na bati, hapaonekani mpaka uiname. Fundi Joseph akija kutazama anatazama pampu na rola. Na kila tukisafisha mashine tunamwaga maji kwa mpira wa mkono, kila pahala panakuwa pamerowa, nani atajua kuwa ikiwa inafanya kazi pale ni pakavu?

Kwa hiyo ukingo ule wa blanketi, ambako hata karatasi haifiki kuupa unyevu, ulikuwa unakwenda mkavu, umebeba mchanga, unasugua plastiki saa baada ya saa. Nlitengeneza msasa kwa mikono yangu. Kwa nia njema kabisa.

Sasa niwaambie upumbavu wa pili, ambao ni mkubwa kuliko wa kwanza.

Nlikata ile tyubu, nkaitia mfukoni, nkanyamaza.

Maji yakarudi. Mlio ukakoma. Nkarowa mpaka kwenye viatu, nkawa nnajiambia ntasema kesho. Kesho ikafika nkasema Ijumaa. Ijumaa wakafungua kifuniko wakipime, Fundi akaweka rula, ikalala sawa pande zote mbili. Akaingiza kipande cha karatasi chini ya rula, hakikupita.

"Munaona?" akasema Fundi, kwa sauti ya kila mtu asikie. "Tatizo lilikuwa mkono. Dogo ana mkono mwepesi."

Bosi akanipiga bega.

Kwenye mlango wa banda alikuwa amesimama Bi Zuhura na mzigo wa maboksi yaliyofungwa kamba. Alisikia lote. Akautua mzigo, akakohoa, kikohozi kile cha zamani kimesharudi, akarudi uwanjani.

Wakuu, nimewahi kufeli mtihani, nimewahi kukataliwa na mtu nliyempenda. Hakuna kilichoniuma kama lile bega kupigwa.

Maana kwa kunyamaza kwangu nlikuwa nimetoa ushahidi. Kila siku mashine inavyokwenda vizuri, ndivyo Bi Zuhura anavyozidi kuwa na kosa.

Sikula vizuri nyumbani. Bibi akaniuliza, "Umefanya nini?" Hakuuliza una nini, aliuliza umefanya nini. Hawa watu wanatujua. Nkamwambia. Akaendelea kupepeta mchele wake, akasema, "Basi si unajua la kufanya, unaniuliza mie la nini?" Wala nlikuwa sijamuuliza.

Jumamosi wakati wa chai, bosi amekaa kwenye ngazi, Fundi ana mandazi yake, nkatoa ile tyubu mfukoni nkaiweka mbele yao kwenye ndoo ya uji iliyopinduliwa.

"Hii ndiyo iliyokula vifuniko," nkasema.

Fundi akaigeuza geuza. "Hii tyubu ya baiskeli."

"Naam. Nliifunga mie kwenye nozeli za kushoto. Bi Zuhura hajakaza kitu."

Bosi akaniuliza kwa nini. Nkaeleza. Nlivyofika kwenye habari ya sala na nguo, Fundi Joseph akaanza kucheka, halafu akaacha mwenyewe. Akatazama chini. Akasema taratibu, "Mimi nilikuwa na wajibu wa kuinama nikatazame. Sikuinama." Kwa Fundi Joseph, wakuu, hiyo ni hotuba.

Bosi alikasirika, sitowadanganya. Alisema maneno. Akaniambia wiki ijayo uwanjani ntakwenda mie, na nlistahiki. Halafu akamtuma mtu akamwite Bi Zuhura, akamwambia pale pale kwenye ngazi, kwa sauti ya chini, "Bi Zuhura, yamejulikana, kesho rudi kwenye mashine."

Bi Zuhura akashusha kile kitambaa cha mdomoni.

"Sirudi."

Bosi akadhani hajasikia vizuri. "Nimesema urudi pahala pako."

"Nimesikia. Uliponitoa ulinitoa mbele ya watu wote. Pampu imezimwa, kila mtu ananitazama. Sasa unanirudisha hapa kwenye ngazi kama unanipa sadaka? Zima mashine, waite watu, useme."

Fundi akawa anatazama andazi lake kama ndio kwanza analiona.

Bosi akainuka. Nlidhani anaondoka. Akaenda mwenyewe kwenye swichi, akazima pampu. Ile sauti ikishuka, watu wakaanza kuja bila ya kuitwa, wa uwanjani, wa kukata, wa kufunga mizigo. Bosi akasema. Maneno machache tu, lakini alisema: kwamba Bi Zuhura hakuwa na kosa na yeye alimuonea. Halafu akanionesha mie kwa kidole, nkaeleza habari ya tyubu upya, mbele ya watu wote.

Bi Zuhura akasema, "Haya. Washeni, uji utaganda."

Akaingia kwenye mashine siku ile ile, hakungoja kesho.

Kwa wale wenye mashine kama zetu, au za namna yoyote yenye kitambaa kinachopita juu ya mianya ya kunyonya, tulichofanya baadae ni hiki. Nozeli zote zinafunguliwa na kutazamwa kila asubuhi mashine ikiwa inazunguka, si ikiwa imesimama. Maji ya kisima yetu yana chokaa nyingi, kwa hiyo hata bila ya mjinga kuzifunga na tyubu zinaziba zenyewe, tunazirowekea siki. Kifuniko tunakigeuza kila baada ya muda, kushoto kije kulia, kama kuna kulika kulike sawa. Pale ncha za mianya zinapotokeza nje ya blanketi tumeziba kwa vipande vya plastiki ile ile, pampu isivute hewa ya bure na mchanga usijikusanye. Na Fundi ametengeneza bati la kukinga, maji yanabaki ndani, hayamrukii mtu.

Bati lile ndilo nlilotakiwa kulifikiria mie siku ya kwanza. Kazi ya nusu saa.

Wiki yangu ya uwanjani nliimaliza. Vumbi lile si mchezo, nimelijua sasa. Siku ya mwisho nkamfuata Bi Zuhura anajitayarisha kwenda kusali, nkamwambia Shikamoo, nkaomba radhi ya peke yetu, maana ile ya mbele ya watu naona ilikuwa ya kazi.

Akaitikia Marahaba, akaniacha niseme mpaka nkamaliza.

"Ile tyubu," akasema, "ulifunga kwa ajili yangu?"

"Ndio, Bi."

Akafungua mkoba wake akanionesha ndani. Kanga mbili safi, zimekunjwa. "Mie nguo za kusalia nakuja nazo kila siku tokea nianze kazi hapa. Najitia maji, nabadilisha, nasali, navaa za kazi."

Nkazitazama zile kanga.

"Na yale maji," akaendelea, "joto lile la mchana, nimefunga, pipa la moto liko mgongoni, yale maji yakinirukia miguuni nlikuwa nashukuru. Yalivyokatika nkadhani Fundi kaona nafaidi."

Akacheka, akakohoa kidogo, akanigusa kichwa. "Una moyo mzuri wewe. Lakini una mdomo pia. Siku nyengine uniulize."

Akaingia kusali.

Hilo ndilo nlilotoka nalo, wakuu. Nlikuwa nnamuona Bi Zuhura kila siku, nnamhurumia kila siku, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja anataka nini. Huruma yangu nlikuwa nnaongea nayo peke yangu. Na nlivyokosea, nkanyamaza tena peke yangu. Mashine ililika upande mmoja kwa sababu hiyo tu, mtu aliamua kimya kimya kwa niaba ya mwengine.

Sasa hivi mie na yeye tunabadilishana upande kila baada ya adhuhuri. Ameniomba nimtobolee lile bati la Fundi kidogo, chini, usawa wa miguu, maji yamfikie. Safari hii nimemuuliza Fundi kwanza, na bosi, na nozeli zote zimebaki wazi.

Nyie wenzangu, hasa munaofanya kazi na mashine au na watu wazima, ishawahi kuwatokea ukamfanyia mtu wema ukamponza? Uliwezaje kusema? Na kama kuna fundi humu anayejua plastiki inayostahamili mchanga kuliko hii nyeupe, atie neno, ntampelekea Fundi Joseph asome mwenyewe.